Jina la Mtoto wa Watu

Kihonda, Morogoro. Jumapili, 9 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha alasiri. Ijumaa daktari alisema moyo wangu umepanuka na maji yanajikusanya mapafuni. Alizungumza na binti yangu, si na mimi, kwa kuwa binti yangu ni muuguzi na wanaelewana. Mimi nilikaa katikati yao kama mzigo unaotafutiwa gari. Nilisikia daktari akisema "masika haya", kisha akaniona namtazama, akanyamaza.

Nina miaka themanini na mbili. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Nimemwomba binti yangu daftari, akadhani nataka kuandika wosia. Kuna jambo moja nataka kuliandika humu kabla sijafa, na tayari nimejaza nusu ukurasa bila kuligusa.

12 Machi

Mvua. Miguu imevimba hadi magotini.

Ijumaa, 14 Machi

Yesha amekuja ametota. Ni mjukuu wa jirani yetu Mama Pushpa mwenye duka la vipuri. Ana miaka tisa, anasoma shule ya Kiingereza, na bibi yake humleta kwangu mara mbili kwa wiki kwa sababu, anavyosema yeye, mwalimu wa shuleni anafundisha kama mtu anayefukuzwa.

Leo alipewa kazi ya kutenganisha nomino za pekee na nomino za kawaida. Nilimfundisha kama nilivyofundisha maisha yangu yote. Mimi nataja neno. Akisikia jina la pekee, lile la mmoja tu, lenye herufi kubwa, anasimama. Akisikia jina la kawaida, lile la wote wa aina yake, anakaa. Nikasema "river", akakaa. Nikasema "Ruvu", akasimama. Nikasema "teacher", akakaa. Nikasema "Yeremia", akasimama huku anacheka, maana ndiye mimi.

"Babu Mwalimu, Ruvu ukikauka kabisa, bado tutauandika kwa herufi kubwa?"

"Tutauandika."

"Hata kama hakuna maji?"

"Jina halikauki."

Akanitazama kama bibi yake anavyomtazama mteja asiyejua gari lake ni la mwaka gani. "Sasa linakuwa jina la nini?"

Nilimwambia afungue ukurasa unaofuata.

17 Machi

Mvua. Sikuandika kitu jana wala juzi. Nilishika kalamu, nikaiweka.

Jumatano, 19 Machi

Nitaandika haraka, kabla mkono haujabadili nia.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji cha Kisambwa, juu ya Matombo. Darasa la saba lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Bernadeta Mkude, binti wa mkulima wa migomba, alikaa dawati moja na Stella, binti yangu. Katika ule mchezo wa kusimama na kukaa, Bernadeta alisimama kabla sijamaliza neno. Stella alisimama baada ya kuona Bernadeta amesimama. Nililiona hilo kila siku, nikajifanya sikuliona.

Orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari ililetwa kwangu ndani ya bahasha. Wavulana wawili na msichana mmoja, Bernadeta. Nilisoma jina lake nikiwa wima, kisha nikakaa.

Kijiji kizima hakikuwa na njia nyingine ya kujua matokeo isipokuwa mdomo wangu. Niliita watoto paredi, nikasoma majina mawili. Alasiri nikapanda kwa Mzee Mkude, nikamwambia binti yake amejitahidi ila nafasi zilikuwa chache. Alinishukuru kwa kupanda mlima kuja kumwambia mwenyewe. Akanikatia mkungu wa ndizi, akamwita Bernadeta aubebe hadi kwangu. Aliubeba. Alitembea mbele yangu, mkungu kichwani, na hakulia. Alipoutua mlangoni pangu aliniamkia tena, shikamoo mwalimu, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Cheti chake cha ubatizo kilikuwa ofisini kwangu tangu siku ya uandikishaji. Sikukirudisha. Januari Stella alipanda basi kwenda shule ya bweni ya mbali, kupita Gairo, ambako hakuna aliyetujua. Fomu ya kujiunga ilikuwa ya Bernadeta, cheti kilikuwa cha Bernadeta.

Kabla ya hapo tulifanya mazoezi wiki tatu. Nilimwita "Stella" ghafla akiwa anafua au anapepeta mchele. Akigeuka, nilimchapa. Nilimwita "Bernadeta". Asipoitika, nilimchapa. Alikuwa na miaka kumi na minne. Wiki ya tatu alikuwa hageuki tena, nami nilijivuna kama mwalimu ambaye somo lake limeeleweka.

Mke wangu, tangu siku ile hadi tunamzika, hakumwita mtoto wake kwa jina lolote. Alimwita "mwanangu". Ndiye huyu muuguzi ninayeishi naye; mimi siku hizi namwita Mama Collins, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtaa mzima unamwita hivyo. Ni desturi yenye heshima, na sijui ningeishije naye bila hiyo.

Nimetafuta sababu kwa miaka arobaini. Niliwahi kusema ni umaskini, lakini Mzee Mkude alikuwa maskini kuliko mimi. Niliwahi kusema ni mapenzi ya mzazi. Sababu ni kwamba nilikuwa mwalimu mkuu na mwanangu alikuwa amefeli, na sikutaka watu wajue.

Jumapili, 23 Machi

Padri Gabrieli amekuja kunikomunisha nyumbani kwa kuwa kanisani sifiki tena. Anaweza kuwa mjukuu wangu. Niliungama yote. Hakushtuka, na nilivunjika moyo kidogo kwamba hakushtuka.

"Mungu amekusikia, mzee," alisema. "Sasa kuna mtu mmoja ambaye hajasikia."

"Barabara ya kule ni mbaya, padri. Na masika haya."

"Sijakuuliza habari za barabara."

Jumamosi, 29 Machi

Omari ana gari linalopakia ndizi kutoka milimani na kuzileta sokoni mjini. Nilimwita, nikamuuliza kama anamfahamu Bernadeta Mkude wa Kisambwa.

"Kisambwa hakuna Bernadeta, mzee wangu. Nawajua akina mama wote kule, hata wanaonitukana."

"Binti wa marehemu Mzee Mkude. Ana umri wa miaka hamsini na tano."

"Ah, Mama Shukuru huyo. Anaitwa Riziki."

"Siyo Riziki."

"Mzee, tusibishane. Nikimtumia hela ya ndizi kwenye simu, jina linalotokea ni Riziki Mkude. Serikali inamjua hivyo, mimi ni nani?"

Sikuelewa. Nilichukua jina lake moja, na sasa naambiwa ana jingine ambalo sikulijua. Omari amesema atanipeleka mvua ikipungua.

3 Aprili

Omari amepiga simu. Daraja limeondoka na maji, magari hayapiti. Nimefurahi. Naliandika hili ili lisomeke: nimefurahi.

8 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Mvua. Kikohozi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Watoto wa Mama Collins wamekuja kutoka Dar. Collins ameninunulia redio. Wameimba, wamekula, wamepiga picha, mimi nimewekwa katikati. Niliwatazama mmoja mmoja. Vyeti vyao vyote vya kuzaliwa vina jina la mama ambaye hajawahi kuwaona. Collins akaniuliza mbona babu hali pilau.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama Collins anataka kustaafu kwa hiari mwaka huu. Leo alikuwa anajaza fomu mezani. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilimtazama akiandika B, kisha e, kisha r, bila kusita, kama mtu anayetembea uani kwake.

"Baba, hapa wanataka mwaka niliomaliza la saba."

Nikamtajia. Kisha nikasema nataka kwenda Kisambwa.

Kalamu ikasimama. "Kufanya nini?"

"Kuiona shule."

"Ile ilibomolewa, wamejenga nyingine."

"Basi niuone mlima."

"Mlima unaonekana dirishani." Akaendelea kuandika. Kisha, bila kuinua kichwa: "Moyo wako hauwezi ile barabara, baba. Na wangu pia."

Nilidhani ni mzaha wa muuguzi.

1 Mei

Daraja limetengenezwa. Nimeandika kwenye karatasi maelezo ya niliyomtendea Bernadeta, nakala mbili, nimeyatia sahihi. Mwandiko umepinda, lakini yanasomeka.

Jumanne, 6 Mei, na Jumatano

Nilikwenda jana, Mama Collins akiwa zamu ya mchana kazini. Nilirudi sijiwezi, ndiyo maana naandika leo nikiwa nimeegeshwa kwa mito mitatu.

Omari aliniweka kiti cha mbele, akafika hadi pale barabara inapoishia, penye mashine ya kusaga. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu, na mimi hata ngazi ya mlango wangu ni vita. Alikuwa amempigia Mama Shukuru, naye akashuka na mwanawe. Niliketishwa kwenye benchi la mashine. Akina mama watatu walikuwa na ndoo zao za mahindi kwenye foleni.

Nilimjua kwa mwendo. Amekonda, nywele nyeupe zimetokeza kwenye kilemba. Alikaa benchi hilohilo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Nikasema niliyokuwa nimeyapanga miezi miwili. Akaweka kiganja sikioni.

"Sisikii, mwalimu. Mashine."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Basi nilipiga kelele. Dhambi niliyoinong'ona kwa padri niliipigia kelele mbele ya mashine ya kusaga: "Ulichaguliwa! Mwaka ule! Ulichaguliwa wewe!" Mahindi yaliyokuwamo yakaisha, msagaji akazima mashine bila kuonya, na maneno yangu ya mwisho yakatoka peke yake mbele ya watu wote: "Nikampa Stella jina lako."

Akina mama walitutazama. Hata kuku nadhani walitutazama. Mama Shukuru akawageukia. "Mnangoja nini? Sageni."

Hawakusaga.

"Najua, mwalimu," akasema. "Najua tangu uchungu wa huyu." Akamwonyesha kwa kidevu mwanawe Shukuru, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesimama na mkungu kichwani. "Walinishusha kwa machela hadi barabarani, nikafikishwa mjini. Nesi akaja na karatasi, akaniuliza jina. Nikamwangalia, nikamjua. Nani asiyemjua mtu aliyekaa naye dawati moja miaka saba? Na hapa kifuani alikuwa na kibati cha jina. Nikakisoma. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma."

"Ukamwambia nini?"

"Nilikuwa na uchungu, ningehutubia? Nilimwambia, jina langu umelivaa wewe, andika unalotaka. Akaandika Riziki. Harakaharaka hivi." Akaonyesha. "Lakini alinizalisha vizuri, sitasema uongo. Hakutoka pale hata kunywa maji. Basi kadi ya mtoto ikawa Riziki, cheti cha mtoto kikawa Riziki, na walipokuja kuandikisha vitambulisho, mimi cheti changu sina, wakafuata cha mtoto."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Kusema nini? Baba alikuwa hai. Alikuwa bado anawahadithia watu kwamba mwalimu mkuu alipanda mlima mwenyewe kwa miguu yake. Kila Krismasi alihadithia. Ningemwambia nini kuhusu ule mkungu?"

Nilitoa karatasi zangu. Aliisoma moja, polepole, kidole chini ya mstari, kama nilivyowakataza kusoma. Akanirudishia.

"Hizi zitanifanyia nini? Nikaripoti kidato cha kwanza?"

Mama mmoja wa foleni alicheka, wakacheka wote, na yeye akacheka. Niliyestahili kuchekwa nilikuwa mimi, lakini hawakunicheka mimi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha akasema, "Mwambie Stella aje. Wewe umekuja, sawa, umetua mzigo wako. Sasa yeye. Asilete karatasi. Aje akae hapa, aniite kwa jina langu mbele ya mwanangu. Basi."

Nikamwomba, ikiwa ataniruhusu, nimwite mimi. Hakukubali wala hakukataa. Nikakusanya pumzi iliyobaki, nikaita kama darasani: "Bernadeta Mkude."

Shukuru alimtazama mama yake. Akina mama walimtazama. Yeye alitazama magoti yake, muda mrefu, kama anasubiri yafanye kitu. Yalitulia.

"Zamani ningeshasimama," akasema. Hakusimama. "Haya mwalimu, wahi. Mvua hiyo."

Nilipoingizwa garini, Shukuru aliutua mkungu miguuni pangu. "Mama amesema ukale."

Mwaka ule sikuukataa. Na jana sikuukataa.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Collins aliukuta mkungu jikoni, akajua. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu na sare zake za kazi, kibati kifuani.

"Alikuambia."

"Miaka thelathini na moja umekaa nalo."

"Na wewe arobaini na moja, baba. Tunashindana?"

Nikamwambia Mama Shukuru anachotaka, kwamba ni neno moja tu, kwamba hana ugomvi.

"Neno moja," akasema. "Nikishamwita Bernadeta, mbele ya mtoto niliyemzalisha mimi, mimi narudi hapa nikiwa nani? Nani atasaini zile fomu? Collins nitamwambia mama wa kwenye cheti chake ni nani?" Hakupaza sauti. Hajawahi kunipazia sauti. "Unajua siku ile ya kujifungua kwake, nilimwomba? Nilimwambia nisamehe. Akasema, kwanza mtoto. Mtoto akatoka, nikamwomba tena, alikuwa amelala. Asubuhi nikaja na chai, kitanda kitupu. Nimekuwa naiona hiyo chai kila nikiingia wodini. Sasa wewe unataka kufa mwepesi, mimi nibaki na nini?"

Nimesahihisha majibu ya watoto maelfu.

Alichukua karatasi zangu, nakala zote mbili, akaenda kuzitia kwenye jiko la mkaa lililokuwa linachemsha maharage. Nilisikia zikishika moto. Akarudi na dawa zangu za saa kumi na maji ya uvuguvugu, akanishika kisogo nimeze.

11 Mei

Mvua. Pumzi fupi. Nalala nimekaa.

Jumatano, 14 Mei

Ndizi zimeiva zote kwa pamoja, hakuna anayezigusa. Yesha alikuja ingawa sifundishi tena. Alikula tatu. Akauliza zimetoka kwa nani. Nikasema kwa mama mmoja wa mlimani.

"Mama mmoja nani?"

"Bernadeta Mkude."

Akainuka kitini, kwa mazoea ya mchezo wetu, mdomo umejaa ndizi. Kisha akasema, "Kumbe kama Mama Collins," akakaa, akamenya ya nne.

17 Mei

Omari amempa Mama Collins salamu kutoka Kisambwa. Mama Shukuru ameuliza kama kuna mtu atakuja. Mama Collins amemjibu kwamba mzee anaumwa.

21 Mei

Padri Gabrieli amenipaka mafuta. Nilimwambia nilikwenda. Akauliza, "Na sasa?" Nikajifanya nimesinzia.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika siku ya nne. Mlima umetokeza dirishani wote, hadi mistari ya maji inayoteremka kwenye mawe. Niliweza kuwaza mahali mashine ilipo, na njia ya kupanda.

Mama Collins alikuwa anakunja mashuka miguuni pa kitanda changu, amenipa mgongo. Jua lilikuwa juu ya nywele zake, nazo zimeshaota mvi, sikuwa nimeziona. Nilikuwa nimeamua tangu asubuhi. Nilidhani nikimrudishia lake, ataweza kumpelekea mwenzake lile jingine. Nilidhani hilo tu ndilo lililokosekana. Nikakusanya pumzi, nikasema, wazi, si kwa kunong'ona:

"Stella."

Alishika pembe mbili za shuka, akazikutanisha, akalilaza kifuani, akalikunja.

"Stella," nikasema tena.

Hakuwa amenuna. Mabega yake yalikuwa yametulia. Alichukua shuka jingine. Nje mtu alipita akaita hodi kwa Mama Collins, naye binti yangu akageuka mara moja, akaitika karibu.